Mama Ameanza Kuona

Nyawira alipiga simu akilia na kucheka kwa pamoja, hata mdogo wake Waruguru akadhani kuna mtu amekufa na mwingine amezaliwa.

"Wametoa bandeji," Nyawira alisema. "Waru, anaona! Ameniangalia akaniambia nimenona. Amesoma kalenda ya ukutani. Sasa hivi anamuuliza daktari kwa nini viatu vyake vina matope."

Waruguru alikuwa ameketi mbele ya mashine yake ya kufuma, katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga huko Kamenu, Thika. Sweta ya shule ya rangi ya kijani ilining'inia mashineni, haijapata mikono. Aliweka kiganja kifuani. Mama yao, Wakonyo, alikuwa amekaa miaka bila kuona chochote ila mwanga na kivuli. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, naye akakataa katakata kupasuliwa, mpaka siku moja ya Oktoba alipokanyaga kifaranga uani akakiua. Alikiokota, akakishika mkononi muda mrefu, kisha akasema basi, nipelekeni.

"Mungu ni mkubwa," Waruguru alisema, na alimaanisha.

"Wewe ndiye wa kwanza kuuliziwa. Amesema, 'Mama yangu yuko wapi? Nataka kumwona.' Nimpe simu?"

"Mwambie niko na oda ya sweta. Mwambie nitakuja."

"Waru," Nyawira akasema polepole, "utamficha mpaka lini?"

Waruguru akakata simu, akasingizia mtandao.

Wakonyo alimwita Waruguru "Mama" kwa sababu alikuwa binti wa pili, na kwao Wakikuyu binti wa pili hurithi jina la mama wa mama yake. Lakini haikuwa jina tu. Tangu utotoni, bibi vizee wa kanisani walikuwa wakimsimamisha njiani, wanamshika kidevu na kusema, Haiya, huyu ni Waruguru amerudi. Wakonyo alifiwa na mama yake akiwa bado mwari, na hakuachiwa picha hata moja. Picha yake ilikuwa binti yake.

Kisha mwaka ule ule waliomzika baba yao, mtungi wa gesi ukavuja jikoni kwa Waruguru, na moto ukapita upande wake wa kushoto, kutoka kwenye nyusi mpaka shingoni. Ulikula sikio, ukavuta pembe ya mdomo, ukaiacha ngozi imekunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Akiwa wodini, aliwaomba ndugu zake wasimwambie mama. Presha ya mama ilikuwa juu tangu mazishi. Wakamwambia moto umemgusa mkono kidogo. Walisema watamweleza vizuri akipata nafuu. Nafuu ikaja, wakasema Krismasi ipite. Krismasi ikapita.

Jambo ambalo Waruguru hakumwambia mtu, hata mumewe, ni kwamba alikuwa ameanza kuupenda upofu wa mama yake. Mjini Thika alitembea na barakoa usoni hata watu wote walipoziacha, na leso kichwani hata jua likiwaka. Wazazi waliokuja kununua sweta walimwangalia, kisha wakauliza kama mwenye duka yuko. Mwanamke mmoja alimgeuza mtoto wake aangalie ukuta. Lakini akikaa barazani kwa mama yake huko Ruiru, akimpa shavu la kulia tu wakisalimiana, akimsomea Zaburi au wakimenya mbaazi, alikuwa yule Waruguru wa zamani. Mama alimwambia asikae juani, atajiharibia rangi. Mama alimwuliza kama bado wanaume wanamsumbua njiani.

Na sasa mama alikuwa na jicho.

*

Novemba ikaingia, shule zikafungwa, kahawa ikaiva.

Ulikuwa ndio wakati wao mkubwa kama ukoo. Kila mwaka, shule zikifungwa, watoto wote wa Wakonyo walirudi nyumbani na wake, waume na watoto wao, wakajaa nyumba ile ya mabati mpaka wengine wakalala stoo. Walichuma kahawa ya ekari moja iliyobaki, katikati ya magorofa ya kupangisha yaliyokuwa yakiota kila upande wa Ruiru, wakaipeleka kiwandani, na siku iliyofuata wakapanda gari la kukodi wote kwenda Fourteen Falls, kule mto Athi unakoanguka. Walipachagua mahali hapo baada ya mama kupoteza macho. Kwingine kote angekaa tu kwenye nyasi akiulizwa kama anafurahia. Pale angalau alisikia.

"Sisi tunaenda leo," alisema Kitheka, mumewe Waruguru, akifunga begi la watoto. Kitheka alikuwa Mkamba wa upande wa Kilimambogo, fundi wa mawe, mtu wa maneno machache. "Wewe utakuja kesho?"

"Nikimaliza hizi sweta."

"Mama Mutheu, shule zimefungwa. Nani anavaa sweta?"

Waruguru aliendelea kuvuta uzi.

Kitheka akachuchumaa mbele yake. "Kaka yako Ndung'u anataka kumwambia kabla hujafika. Amenipigia. Anasema ni heri mama ajue mapema, asishtuke."

"Asithubutu!" Waruguru alisema kwa ukali uliowafanya watoto wageuke mlangoni. "Huo uso ni wangu. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia."

Kitheka akasimama, magoti yakalia. Akamshika bega, upande ulioungua, kama alivyofanya siku zote, kwa sababu hakuwa na upande aliouepuka. Kisha akaondoka na watoto, na nyumba ikawa kimya hata Waruguru akasikia bomba la jirani likidondosha maji.

Jioni simu ikaita. Ilikuwa namba ya mama. Waruguru akaiangalia ikiita mpaka ikakaribia kukata, ndipo akapokea.

"Mama," sauti ya Wakonyo ikasema, imejaa kama ya msichana, "kumbe Mutheu ana pengo! Hakuna mtu aliniambia. Huyu mtoto nimemlea hapa mapajani, nimemfunga viatu, sikujua ana pengo na nyusi kama za baba yenu. Mbona mlinyamaza?"

"Tulidhani unajua, Maitu," Waruguru alisema, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Ningejuaje? Na kahawa. Nimeshuka asubuhi nikaona kahawa. Nilikuwa nimesahau nyekundu, Mama. Mtu anadhani anakumbuka rangi, lakini unachokumbuka ni jina lake tu. Nimekaa chini pale shambani nikaangalia tawi moja mpaka wakaja kunitafuta wakidhani nimeanguka. Na mikono yangu! Imezeeka, sijui ni lini. Nimeona chungu wamebeba mguu wa panzi." Akavuta pumzi. "Hata haya magorofa. Nyawira anasema ni mabaya. Mimi naona watu wameanika nguo mpaka juu mbinguni, nguo za kila rangi. Nimesimama nikaziangalia kama mjinga."

Waruguru alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka yakashuka upande mmoja wa uso, na upande wa pili pia, ingawa huko hakuyasikia yakipita.

"Nimekuona ukutani kwenye picha ya arusi," mama akaendelea. "Nimeipangusa vumbi. Lakini picha haitembei. Kuja. Nataka kukuona mlangoni."

"Nitakuja kesho, Maitu."

"Usilete kitu. Lete uso tu."

*

Alifika asubuhi, lakini hakupita langoni. Alimwambia mwenye bodaboda amshushe upande wa chini, karibu na kijito, mahali shamba linapoanza. Alifikiri atachuma kwanza. Atachuma akipanda mdogomdogo, mstari kwa mstari, mpaka moyo utulie, halafu atamtuma mtoto amwite Kitheka, halafu waone.

Kutoka juu alisikia nyumba yake yote. Ndung'u, kaka yao mkubwa aliyekuwa mwalimu huko Kahawa Sukari, alikuwa akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Watoto walirushiana kahawa mbichi na kugombezwa. Mtu alianzisha wimbo wa kanisa, wengine wakadakia. Waruguru akajifunga ndoo kiunoni, akaingia kati ya miti ya kahawa yenye umande. Baada ya muda jasho lilimtoka, barakoa ikalowa na kuanza kuwasha. Akaangalia huku na huku, akaivua, akaitia mfukoni. Akateremsha leso shingoni. Upepo ukampiga usoni akafurahi.

"Habari ya asubuhi, mama."

Mkono wake ukaganda kwenye tawi. Alijua sauti ile kuliko yake mwenyewe.

Wakonyo alikuwa amesimama kwenye njia, upande wake wa kushoto, na miwani nyeusi aliyopewa kliniki na fimbo ambayo hakuihitaji tena. Alikuwa ametoroka. Walimkalisha barazani wakamwambia asiiname, asibebe, asiingize vumbi machoni, naye akangoja walipotawanyika akashuka zake kwenda kuona kijito.

"Ndung'u amekuita kibarua?" Wakonyo aliuliza. "Nilimwambia mwaka huu tunachuma watu wa nyumbani peke yetu. Lakini chuma tu, usiogope. Imeiva nyingi, na hao wangu wamekuja kuimba."

Waruguru hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akatikisa kidogo kama anayeitikia.

Mama akasogea karibu. Siku hizo alisogelea kila kitu, mti, kikombe, mbwa wa jirani, akakiangalia bila haya kama mtoto mchanga. Akamwangalia kibarua huyu.

"Ngai, Mungu wangu," Wakonyo alisema kwa sauti ya chini. "Ni moto?"

Waruguru akatikisa kichwa, ndiyo.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Usinichukie nikikuangalia. Mimi juzi tu nilikuwa kipofu, bado sijashiba. Hapa kwangu hakuna mtu atakucheka. Ukimaliza hiyo ndoo panda juu, unywe chai na watoto wangu. Nina binti wa rika lako, anakuja leo. Huyo ndiye mama yangu, nimempa jina."

Waruguru alichuma punje nyingine mbili, akaziangusha ndooni. Angeweza kuondoka. Njia ya kijito ilikuwa wazi, na bodaboda walikuwa pale barabarani. Mama angesimulia chakula cha mchana kwamba ameona kibarua aliyeungua, maskini, na hajui alikwenda wapi.

"Imeshikana vizuri," mama akasema, akiichunguza ngozi. "Mtu alikuuguza kwa subira. Ni mama yako?"

Waruguru hakujua kwamba ameamua mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Hakuambiwa," alisema.

Kule juu wimbo uliendelea. Wakonyo hakusogea. Fimbo ikamponyoka, ikalala kwenye majani makavu.

"Sema tena."

"Hakuambiwa, Maitu."

Akageuka, akamtazama mama yake uso kwa uso. Wakonyo akavua miwani nyeusi. Jicho moja lilikuwa bado na ukungu, la pili lilikuwa jeusi, linang'aa, na ndani yake Waruguru akajiona, mdogo sana, na miti ya kahawa nyuma yake.

Mama akanyoosha mkono akamshika kidevu. Akamgeuza upande wa kulia, kwenye mwanga. Akaangalia. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Kisha akamgeuza upande wa kushoto, akaangalia huko pia, kwa urefu ule ule, kutoka kwenye nyusi, akashuka na shavu, akafika mahali sikio lilipokuwa, akamaliza shingo. Waruguru alikuwa ametazamwa na wengi, kwa huruma, kwa hofu, kwa kuibia. Hakuna aliyewahi kumtazama hivi, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali, asitake kuruka neno.

"Upande ule ni mama yangu," Wakonyo alisema mwishowe. "Huu simjui bado. Nitamjua."

Kisha akaketi chini katikati ya miti ya kahawa, na Waruguru akaketi naye.

"Nani alikupaka mafuta?"

"Manesi. Halafu nyumbani, Kitheka."

"Kitheka? Mwanamume?"

"Kila asubuhi na kila jioni, Maitu. Mpaka vidonda vikafunga."

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale barazani," Wakonyo alisema, "nakunywa chai." Akaangalia mikono yake miwili. "Hii haikuwa na upofu."

Ndipo akalia. Hakuulilia uso. Alililia chumba kile ambacho hakukaa, maji ambayo hakuyachemsha, usiku ambao binti yake alipiga kelele na yeye akawa amelala usingizi. Waruguru, aliyekuwa amejiandaa kwa mshtuko, kwa chuki, hata kwa presha, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akamshika mama yake mabega, wakayumba pamoja kwenye udongo ule mwekundu wenye baridi.

*

Wakonyo alipanda juu peke yake, kwa kasi, na kabla ya watu kujua kuna nini alikuwa amesimama uani akiwaita kwa majina. Ndung'u alikuja na ndoo mkononi. Nyawira alitoka jikoni na unga mpaka kwenye viwiko. Wakwe walisimama nyuma.

"Ni macho yangu yaliyoharibika," Wakonyo alisema. "Masikio yalikuwa mazima. Ni nani kati yenu aliona masikio yangu yana kasoro?"

Ndung'u, mwalimu wa kuogopwa na darasa zima, aliangalia viatu vyake. "Tuliogopa presha yako, Mama."

"Presha ni yangu! Mtoto ni wangu! Mmekula hapa, mmelala hapa, kila mwaka mnanipeleka nikasikilize maji, na mtoto wangu ameungua. Mlikuwa mnanionaje? Kama kiti?"

Waruguru alikuwa amefika nyuma yao, uso wazi. "Maitu, ni mimi niliwakataza."

"Najua ni wewe. Wewe nitafika kwako." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na komeo likasikika.

Hakutoka kwa chakula cha mchana. Nyawira alibisha, akaambiwa aende. Kahawa ilichumwa bila nyimbo, ikapelekwa kiwandani bila mzaha. Wapwa wadogo walipouliza kama kesho safari ipo, walifinywa. Ndung'u alisema kwa sauti ya chini kwamba gari limeshalipwa lakini nani atamwambia mama apande gari. Waruguru aliketi kwenye ngazi za baraza, mahali pake pa siku zote, na kando yake kiti cha mama kilikuwa kitupu. Akafikiri, nimemharibia jicho lake. Amekaa gizani miaka yote hii, amefunguliwa, na mimi ndicho kitu alichokikuta.

Jua lilipoanza kulegea, komeo likalia. Wakonyo alitoka amenawa uso, amevaa gauni lake la kanisani na sweta.

"Kitheka yuko wapi?"

Kitheka aliitwa kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa akipasua kuni. Alikuja akijipangusa suruali, akasimama mbali kidogo kama mkwe anavyopaswa kusimama mbele ya mama mkwe. Tangu amwoe Waruguru hawakuwahi kufanya zaidi ya kusalimiana na kuulizana habari za mvua.

"Lete mikono," Wakonyo alisema.

Kitheka akamwangalia mkewe, asielewe.

"Mikono, baba. Nataka kuiona."

Akainyoosha. Ilikuwa mikono ya mtu wa mawe, migumu, kucha moja imekufa, vumbi la kazi limeingia kwenye mistari lisilotoka kwa sabuni. Wakonyo akaishika yote miwili, mbele ya ukoo mzima, akaigeuza juu na chini. Watu wazima waliangalia pembeni. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo kwao.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. Akainama, akaiweka kwenye paji la uso wake, akaiacha hapo kwa muda. Kitheka, ambaye Waruguru hakumwona akilia hata hospitalini, alisimama amenyoosha mikono na machozi yanamdondoka kwenye kidevu, na hakuwa na mkono wa kuyapangusa.

"Kesho tunaenda," Wakonyo akasema akijinyoosha. "Mimi nakaa na Waruguru. Na mtu asinieleze njiani kitu gani ni kitu gani. Nitauliza."

Usiku huo alimlaza Waruguru kitandani kwake, akamwuliza yote, siku kwa siku, tangu harufu ya gesi mpaka kioo cha kwanza. Hakumwacha aruke kitu.

*

Mvua ilikuwa imenyesha milimani juma zima, na mto Athi ulikuwa umevimba. Waliusikia kabla ya kuuona. Wakonyo alishuka njia ya mawe akishikwa na Mutheu mkono mmoja, Waruguru mwingine, na ukoo wote nyuma yao na vikapu, maji ya kunywa na mtoto mchanga wa Nyawira aliyefunikwa taulo. Njia ikapinda, miti ikaisha.

Wakonyo akasimama.

Mto ulikuja ukiwa mpana kama shamba, rangi ya chai ya maziwa, ukafika kwenye ukingo wa mwamba na kuvunjika. Ulianguka hapa, ukaanguka pale, ukaanguka nyuma ya visiwa vya majani, kila mkondo na umbo lake, na moshi wa maji ukapanda kutoka chini ukafunika nusu ya mbingu. Ardhi ilitetemeka nyayoni. Watoto waliokuwa wakikimbia walisimama wenyewe.

"Ni haya?" Wakonyo alisema. "Miaka yote ni haya?"

"Ni haya, Shosho," Mutheu akamjibu bibi yake.

"Mliniambia ni mengi, nikadhani mnasema hivyo nifurahi. Kwa masikio ni moja tu." Akavua miwani, akasahau maagizo yote ya daktari. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa mdogo sana pale, mwanamke mzee wa sweta ya bluu, na kwa muda mrefu hakuuliza kitu chochote. Waruguru alimwangalia yeye badala ya maji. Alikuwa amekuja hapa mara nyingi akapanga chakula, akachunga watoto wasikaribie ukingo, na sasa akatazama kule mama yake alikotazama, akaona kwamba yeye pia alikuwa hajawahi kuyaona.

Kikundi cha watoto wa kanisa fulani kilikuwa hapo kwa matembezi, wamevaa fulana za njano. Msichana mmoja alimwona Waruguru, akamgusa mwenzake, wakageuka wote. Mkono wa Waruguru ukaenda mfukoni kutafuta barakoa. Wakonyo aliuona ule mkono. Hakumzuia. Aliwaita wale wasichana kwa kidole.

"Njooni karibu," aliwaambia, akipaza sauti juu ya kelele. "Mkiangalia kwa mbali hamtaona vizuri. Mimi pia tangu jana naangalia."

Wale wengine walikimbia. Msichana wa kwanza akabaki, amejishika fulana. Akamtazama Waruguru, kwanza shingoni, halafu usoni, halafu machoni.

"Iliuma?" akauliza.

"Sana," Waruguru alisema.

"Na sasa?"

"Sasa ni baridi ikija tu. Inavuta."

Msichana alifikiri. "Mimi nilimwagikiwa na uji hapa," akasema, akapandisha mkono wa fulana kuonyesha alama ndogo kwenye bega. Waruguru akainama akaiangalia kwa makini, akasema pole, na msichana akaridhika, akarudi kwa wenzake akitembea bila haraka.

Waruguru akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

Wakonyo alitaka kwenda mbele zaidi, mpaka kwenye jiwe ambalo maji yaliwarukia watu. Ndung'u alipinga, Nyawira akapinga, wote hawakusikilizwa. Waruguru akamshika kiuno wakapanda jiwe pamoja. Hapo ngurumo ilikuwa kubwa mno, ilijaza kifua. Matone yaliwapiga usoni, na kwenye shavu la kushoto, ambako kwa kawaida hakusikia kitu, Waruguru alisikia ubaridi kwa mbali, kama mtu anayebisha nyumba ya pili.

Alifungua mdomo kumwambia mama yake. Alisema maneno mengi, yale aliyoyabeba tangu wodini na mengine ambayo hakujua anayo, na maji yakayachukua yote, hata yeye mwenyewe hakusikia moja. Wakonyo hakuweka mkono sikioni. Alikuwa amemgeukia, maji yanamchuruzika kwenye makunyanzi, jicho lake jipya limefunguka wazi, akifuata uso wa binti yake pande zote mbili mpaka ulipotulia. Kisha akaitikia kwa kichwa, akamjibu kitu kirefu, na Waruguru, akimtazama mdomo, akaelewa.